Jumapili ya Deneen

Mahubiri yalikuwa na sehemu tatu, kama kawaida, na peremende zilianza safari yao mwanzoni mwa sehemu ya pili. Marcia Dykhouse alifungua mkoba bila kutoa sauti, akatoa peremende tatu nyeupe. Moja akaitia kinywani, moja akampa mumewe, Verlyn, na ya tatu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa mama mkwe mwishoni mwa benchi. Verlyn aliiweka yake chini ya ulimi ili idumu mpaka amina. Nyumbani nyama ilikuwa kwenye oveni, na simu yake ilikuwa imezimwa ndani ya droo ya vitambaa vya meza, ambako ililala kila Jumapili tangu aliponunua duka.

Muda huohuo, upande wa pili wa mji wa Grand Rapids, kwenye Barabara ya Ishirini na Nane, duka lake lilikuwa wazi. Meneja wake, Deneen Pruitt, alikuwa akikata nywele za vichwa viwili kwa mpigo, kwa sababu alikuwa na mikono minne.

Duka lilikuwa la Verlyn, jina halikuwa lake. Jina lilikuwa Nywele Chapu, mali ya kampuni moja kule Arizona iliyokodisha kila kitu: jina, rangi ya kuta, aina ya viti, hata maneno ya kumpokelea mteja. Mteja alipofungua mlango ilikuwa lazima aambiwe, "Karibu Nywele Chapu, keti upendeze." Aliyekodi jina alilipa ada ya kuingia, kisha alimegea kampuni sehemu ya kila alichouza, milele na milele. Brosha yao ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye mvi za kupendeza, ameshika samaki mkubwa kando ya ziwa siku ya kazi, na chini yake maandishi: Usiache kazi yako. Duka litajiendesha. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini wahenga hawakuletewa brosha.

Na Verlyn hakuwa mtu wa tamaa, tuseme ukweli. Alikuwa mwoga. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amepanga ratiba za uzalishaji katika kiwanda cha samani za ofisi, viti vinavyozunguka na meza zinazopanda na kushuka. Kila baada ya miaka michache aliwaona wenzake wakitoka mlangoni na sanduku la katoni lenye picha za watoto na kikombe. Marcia alikuwa na ugonjwa wa neva, na kila mwezi alipaswa kutundikiwa dripu hospitalini. Bei ya chupa moja ilikuwa bei ya gari, lakini kadi ya bima ya kiwanda ilimeza karibu yote. Siku kiwanda kitakapomtupa Verlyn, kadi hiyo itakufa naye. Kwa hiyo hakuweza kuiacha kazi, na hakuweza kuiamini. Ndipo akanunua duka, liwe pembeni likikua, la kumdaka siku akianguka.

Taabu pekee ilikuwa Jumapili. Mkataba wa Arizona ulitaka duka liwe wazi siku zote saba. Babu yake Verlyn hakuwahi kukata majani siku ya Bwana, na baba yake alifungia baiskeli za watoto stoo kuanzia Jumamosi jioni. Verlyn alilitafakari jambo hilo wiki nzima, mwishowe akapata njia. Yeye mwenyewe hangekwenda dukani siku hiyo, hangeuliza, wala hangegusa simu. Asipotia mkono wake, mkono wake ni safi. Katika kanisa lao kulikuwa na watu waliokwisha kupenya kwenye matundu madogo kuliko hilo.

"Deneen si mtu wa kanisa," alimwambia mkewe. "Jumapili haimpotezei kitu."

Marcia alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya.

Hapo mwanzo dukani walikuwa watatu. Alikuwepo Deneen, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mtafuna bigijii, aliyekata nywele tangu ana miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwogopa bosi yeyote. Alikuwepo Kaylee, binti mwembamba mwenye chale ya ndege mdogo kwenye kifundo cha mkono. Na alikuwepo mzee Orville, kinyozi wa zamani ambaye kidole chake cha shahada kilipoteza ncha kwenye mashine ya kiwanda kabla hajajifunza kunyoa. Arizona ilituma rangi kila robo mwaka: kijani kwa duka zuri, njano kwa la wastani, nyekundu kwa baya. Duka la Verlyn lilikuwa jekundu. Mshauri wao wa simu, kijana mchangamfu aitwaye Trent, alisema shida ni moja tu, mikono imezidi.

Verlyn alimwondoa Kaylee Jumamosi mchana. Alitumia maneno laini aliyoyasikia kiwandani mara nyingi, yale ya uamuzi mgumu na milango mipya. Jumatatu, saa yake ya chakula, alipita dukani na kumkuta Deneen ana mkono wa tatu. Ulikuwa umechomoza chini ya kwapa la kulia, mwembamba, una ndege kwenye kifundo.

"Huo si wa Kaylee?" Verlyn aliuliza.

"Wa nani mwingine? Ulipomtoa ulidhani kazi yake inakwenda wapi, mbinguni?"

"Unauma?"

"Hauumi. Una kiherehere tu. Kila nikigeuka unabadilisha stesheni ya redio."

Verlyn alimpigia Trent kumwarifu. Trent alisema hilo ni jambo la kawaida, kwamba huko Indiana kuna meneja mwenye mikono mitano na duka lake ni kijani kibichi. Aliahidi kutuma aproni yenye tundu la ziada. Aproni ilifika, na ankara yake. Verlyn aliikata kwenye mshahara wa Deneen, kwa kuwa mvaaji ni yeye.

Kufikia majira ya kupukutika majani alikuwa amemwondoa na mzee Orville. Mkono wake ulimwotea Deneen upande wa kushoto, una mishipa na madoa ya uzee, na kidole kisicho na ncha. Ulikuwa mkono taratibu lakini hodari kwa masharubu. Wateja waliupenda. Bibi mmoja alisema tangu zamani aliona Deneen ana kipaji, kilichokuwa kimepungua ni nafasi ya kukionyesha.

"Mikono mingi kazi haba, ndivyo walivyosema," Deneen alimwambia Verlyn siku hiyo, huku akifagia kwa mmoja, akipokea pesa kwa mwingine, na kumnyoa mteja kwa miwili iliyobaki. "Sasa mbona mimi ikiongezeka mikono na kazi inaongezeka?"

"Robo ijayo tutaangalia."

"Sitaki robo, bosi. Naomba Jumapili. Si zote. Moja kwa mwezi."

"Una shughuli?"

"Nina usingizi."

Verlyn alisema ataona hesabu zinavyokwenda.

"Jamani, mkono wa birika wewe!" Deneen alicheka, na mteja kwenye kiti akacheka naye. "Mimi ninayo minne, na hakuna hata mmoja wa birika."

Verlyn naye alicheka, kama mabosi wanavyocheka. Robo ikapita, na rangi ikawa njano. Deneen aliuliza tena mara mbili, kisha akaacha kuuliza.

Jumamosi moja Verlyn alikutana na mzee Orville sokoni, kwenye foleni ya nyama. Mkono wa kulia wa koti la mzee ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini, nadhifu, na alisukuma toroli kwa wa kushoto. Walisalimiana vizuri. Walizungumza habari za theluji.

"Haujambo huko?" Orville aliuliza mwishowe.

"Haujambo kabisa. Unachapa kazi."

"Uangalieni. Hauwezi baridi, hasa kile kidole."

"Nitamwambia Deneen."

"Ahsante, bwana Dykhouse. Msalimie mama."

Verlyn alisahau kumwambia Deneen.

Kisha, Jumapili moja ya Januari, bomba la maji lilipasuka dukani. Deneen alipiga simu, lakini simu ilikuwa imelala, imezimwa, chini ya vitambaa vya meza, huku akina Dykhouse wakila nyama na karoti na kulala usingizi wa mchana, usingizi ambao kwao ni karibu sehemu ya ibada. Jumatatu alfajiri Verlyn alikuta ujumbe mwingi. Wa kwanza ulisema maji yanatoka. Uliofuata ulisema maji yamefika kwenye viti. Katika mwingine Deneen alieleza kwamba ameliziba bomba kwa mkono wa Orville, anakausha sakafu kwa wa Kaylee, na wateja wanaendelea kuingia. Wa mwisho ulisema: Lala, bosi. Mikono inatosha.

Alipofika dukani mkono wa Orville ulikuwa umevimba na kuwa wa buluu. Verlyn aliununulia glavu ya sufu. Hilo lilimtuliza moyo siku mbili tatu, na kwa kweli aliona amefanya jambo kubwa.

Mwezi wa Machi, siku ya Jumatatu, Verlyn mwenyewe aliamka akakuta mkono wa kulia wa pajama yake umelala bapa juu ya shuka. Bega lilikuwa laini, kavu, halina maumivu. Marcia aliliangalia kutoka upande wake wa kitanda.

"Verlyn. Mkono."

"Nimeona."

"Basi piga simu hospitali leo hii, uniwekee miadi yangu ya dripu," alisema. "Waulize kama wanaweza kunitundikia kesho, kabla kadi haijakatwa."

Dukani mikono ilikuwa ikihama baada ya mtu kuambiwa. Kiwandani mambo yalipangwa mapema zaidi, na Verlyn, aliyekuwa mpangaji, hakuweza kulaumu utaratibu. Alijifunga tai kwa msaada wa Marcia, akaendesha gari kwa mkono mmoja hadi kazini. Mezani pa jirani yake Brent, kijana ambaye Verlyn mwenyewe alimfundisha kazi, aliuona mkono wake. Ulikuwa umetoka ubavuni mwa Brent, umeshika kalamu, unaandika ratiba ya robo ya pili. Aliutambua kwa ukucha wa gumba uliopasuka tangu siku alipojipiga nyundo, alipokuwa akijenga uzio na baba yake.

Brent aliinuka, uso umemwiva kwa aibu.

"Samahani, mzee wangu. Mkono umekuja asubuhi nikiwa napiga mswaki. Sikuuita."

"Najua hukuuita."

"Unafanya kazi vizuri sana."

"Gumba haliwezi baridi," Verlyn alisema. "Uliangalie."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akamkumbuka mzee Orville kwenye foleni ya nyama, na akaona haya kwa mara ya kwanza. Haya ilimpanda mpaka masikioni. Hata hivyo hakuwa na muda nayo, kwa sababu alikuwa ameitwa ghorofani.

Huko aliambiwa habari za uamuzi mgumu na milango mipya. Dada aliyemwambia alikuwa mpole, na alimsogezea katoni karibu na upande wenye mkono. Kadi ya bima ingefanya kazi hadi mwisho wa mwezi.

Usiku ule Verlyn na Marcia waliketi jikoni. Bima ya kujinunulia ilikuwa na bei yake, na duka lilikuwa na faida yake, na baina ya viwili hivyo palikuwa na shimo. Verlyn aligeuza hesabu kila upande. Kila alivyogeuza, shimo lilikuwa na ukubwa uleule, na ukubwa wake ulikuwa karibu sawasawa na mshahara wa Deneen.

"Anaweza kupata kazi popote," Verlyn alisema. "Ana mikono minne."

"Ana miwili," Marcia alisema. "Mingine tulimpa sisi."

Verlyn alingoja aseme zaidi. Marcia aliangalia mshipa wa mkono wake mwenyewe, pale sindano inapoingia, akasema amechoka, akaenda kulala. Hakumkataza. Kwa hiyo uamuzi ule ulikuwa wa wote wawili, ingawa aliyeutamka ni mmoja.

Kesho yake alikwenda dukani mapema. Deneen alipoona pini kwenye bega la koti lake aliweka mkasi chini, akamtazama kwa huruma ya kweli. Hiyo ndiyo iliyomuuma Verlyn kuliko yote yaliyofuata.

"Pole, bosi. Na wewe wamekutenda?"

"Jana."

"Ndiyo dunia. Karibu chamani. Keti, nikutengenezee kahawa." Mkono wa Kaylee ulikwisha kushika kikombe. "Angalau sasa utakuwa hapa kila siku. Tutasaidiana. Utakaa kwenye mashine ya pesa, mimi nipumue. Sasa utanipa Jumapili yangu, au bado unaangalia hesabu?"

"Nitakupa zote, Deneen," alisema Verlyn.

Alimweleza. Hakutumia maneno ya milango mipya, na hilo ndilo jema pekee alilofanya siku hiyo. Alimtajia ugonjwa wa Marcia, dripu na kadi. Deneen alisikiliza huku bigijii ikiwa imetulia shavuni.

"Mimi sijawahi kuwa na kadi ya bima hapa," alisema baada ya Verlyn kumaliza.

"Najua."

"Nilidhani hujui. Miaka yote hii nilijiambia, huyu hajui, angejua asingefanya."

Deneen alivua aproni yenye matundu, akaikunja kwa mikono yote minne, akaiweka juu ya kiti. Mkono wa Orville ulivua glavu ya sufu na kuiweka juu ya aproni. Mlangoni alisimama.

"Kesho utaamka nayo. Wa Kaylee usiuache karibu na redio. Wa Orville upashe moto kabla ya kazi. Wangu wa kulia ndio utakaokuja, nauhisi umeanza kulegea. Huo haupendi kuamshwa."

Ikawa hivyo. Verlyn aliamka ana mikono mitatu ya watu na mmoja wake. Mikono ilijua kazi, yeye alikuwa kama gari linaloipeleka. Mkaguzi wa jimbo alikuja wiki hiyohiyo, akauliza mbona mwenye duka ananyoa bila leseni. Verlyn alipovua shati, mkaguzi akaitazama mikono, akalinganisha na leseni tatu zilizotundikwa ukutani, kisha akaandika kwamba hakuna kosa. Leseni hufuata mkono, alieleza, haifuati kichwa. Trent alipiga simu kutoka Arizona kwa furaha. Duka lilikuwa kijani. Aliomba picha ya Verlyn kwa ajili ya brosha, akapendekeza ashike samaki.

Marcia alipata kadi mpya. Ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani na ilimeza kidogo zaidi ya nusu, lakini ilikuwa kadi.

Jumapili ya kwanza Marcia alikwenda kanisani na mama mkwe. Sehemu ya pili ya mahubiri ilipoanza alifungua mkoba, akatoa peremende tatu kwa mazoea. Ya Verlyn aliishika kidogo kiganjani, kisha akairudisha. Waumini waliokuwa karibu waliona nafasi kwenye benchi na hawakuuliza. Walijua duka liko wapi, na baadhi yao walikuwa wamepanga kupita huko wakitoka ibadani.

Verlyn alifungua duka kwa aibu. Alifikiri babu yake angemwona kupitia kioo. Aliyemwona ni baba mmoja na wanawe, wametoka kucheza mpira wa magongo, nywele zimewafunika macho. Nyuma yao wengine watano. Aliupasha moto mkono wa Orville, akautoa wa Kaylee redioni. Kisha akaugeukia wa Deneen, ule mnono, hodari kuliko yote, ambao wiki nzima ulikuwa umebeba zaidi ya nusu ya kazi.

Ulikuwa umelala. Ulining'inia ubavuni mwake, una joto na uzito wa mtoto aliyesinzia begani, vidole vimekunjika nusu. Aliutikisa. Aliutia mkasi kiganjani, na mkasi ukaanguka. Aliupeleka chini ya bomba la maji baridi. Mkono ulijikunyata kidogo, ukajigeuza upande wa pili, ukaendelea kulala. Verlyn alisimama pale kwenye sinki akiwa ameushika, na kwa kitambo alijua kila alichomfanyia Deneen, tangu peremende ya kwanza mpaka kikombe cha kahawa alichotengenezewa siku ile. Alitamani kufunga mlango na kuuacha upumzike. Alitamani hivyo kwa dhati.

Foleni ilifika mlangoni. Mtoto mmoja alikuwa ameanza kulia. Verlyn alichukua taulo safi, akaufunika mkono wa Deneen kuanzia begani hadi vidoleni ili wateja wasiuone, akaubana kwa mkanda wa aproni usimzuie. Kesho ni Jumatatu, alijiambia, utaamka.

Kisha akavuta kiti, akatabasamu kwa wale wavulana.

"Karibu Nywele Chapu," alisema. "Keti upendeze."